Eti kinywaji cha kina dada!

Leo naomba tuongelee glasi.

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye baa moja maeneo ya Mwananyamala na wenzangu watatu wa kazini, wote wanaume. Tulikuwa juani tangu asubuhi, kila mtu koo limemkauka. Wao wakaagiza bia, mimi nikaomba kokteli. Baa yenyewe ni hizi zetu za kawaida kabisa, viti vya plastiki, jiko la nyama choma kwa nyuma, luninga kubwa inaonyesha ligi ya Uingereza, ila siku hizi hata baa za namna hii zina karatasi ngumu yenye orodha ya vinywaji vya kuchanganya. Majina yake sasa! Kuna "Mahaba", kuna "Bahari ya Hindi", kuna kingine kinaitwa "Niache Nilale". Nikachagua Bahari ya Hindi, maana hicho cha mwisho niliona kinatishia ajira yangu.

Ikaja glasi ndefu, rangi ya bluu kama ile dawa ya kusafishia choo (samahani kwa lugha), kipande cha nanasi kimening'inia pembeni na mrija mwekundu. Nikaonja. Tamu, baridi, inateleza kama maji ya mtungini. Jamaa zangu wakaanza kucheka. Mmoja akasema, "Dada, hiyo si juisi hiyo? Sisi tunakunywa pombe, wewe unakunywa peremende." Mwingine akamalizia: "Mwacheni, hicho ni kinywaji cha kina dada."

Nilicheka nao. Glasi ikaisha kabla jamaa hajafika nusu ya Kilimanjaro yake, nikainuka kwenda kuagiza nyingine mwenyewe pale kaunta. Na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho nimekuwa nikikiona miaka yote bila kukitazama.

Kijana wa kaunta alichukua chupa ya Konyagi, akaiinamisha juu ya glasi, akaanza kumimina huku macho yake yako kwenye luninga. Kuna mtu alikuwa anapiga kona. Nikahesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu, nne... kona ikapigwa, ikaokolewa, ndipo chupa ikainuka. Akaongeza ile bluu, akajazia Sprite, barafu, mrija, tayari.

"Kaka, hapo umeweka kiasi gani?"

"Usijali dada yangu, nimekuwekea ya kutosha."

"Ya kutosha ndiyo kiasi gani?"

"Wewe onja. Hautasikia hata inakwaruza."

Nikamwuliza toti iko wapi. Akaangaza angaza, akaicheka kidogo ile swali, kisha akainyanyua kutoka pembeni ya friji. Walikuwa wamewekea vijiti vya kuchokonolea meno.

Sasa mimi ni mwandishi wa habari, na ugonjwa wetu mnaujua. Nikamwomba achukue chupa tupu, aijaze maji, anionyeshe tena jinsi alivyomimina. Akaona kama mchezo, akakubali. Tukamwaga vijiti vya meno, tukapima yale maji kwa toti ya mililita 30. Zikatoka toti tatu na kaubakio.

Tufanye hesabu pamoja, haihitaji kuwa umesoma sana. Konyagi ina kilevi asilimia 35. Toti tatu ni mililita 90, kwa hiyo ndani yake kuna mililita 31 na nusu za kilevi kitupu. Kilimanjaro ina asilimia 4.5, na chupa yake ni mililita 500, kwa hiyo bia nzima ina mililita 22 na nusu. Maana yake peremende yangu moja ni bia moja na karibu nusu ya huyo anayenicheka. (Ile bluu niliisoma kwenye chupa, ni sharubati tu, haina kilevi.) Ningekunywa glasi tatu, na kwa ule utamu ningezimaliza ndani ya saa moja bila wasiwasi, ningekuwa nimepita bia nne. Jamaa zangu walikunywa tatu tatu jioni nzima, na nyama juu.

Tena hapo sijaongeza jambo ambalo madaktari wanalisema siku zote, kwamba mwili wa mwanamke kwa kawaida una maji kidogo kuliko wa mwanaume, kwa hiyo kiasi kile kile cha kilevi kinampanda zaidi. Yaani huyo huyo anayeitiwa kinywaji "laini" ndiye anayemiminiwa zaidi na ndiye kinayempiga zaidi. Halafu akizima mapema wanasema wanawake hawawezi pombe.

Hapo ndipo penye hoja yangu, na naomba msinielewe vibaya. Sijaja kuwahubiria muache. Mimi napenda vitu vitamu, sitaomba radhi kwa hilo, na bia sijawahi kuielewa. Ninachokataa ni hilo jina. Ukishakiita kinywaji cha kina dada umekiondoa kwenye hesabu. Bia tunahesabu chupa, zipo mezani, zinaonekana, mhudumu anazipanga zile tupu ili asiibiwe. Kokteli tamu hakuna anayeihesabu, si kaunta, si mnywaji, si anayelipa. Na wapo wanaolipa ambao wanajua kabisa kwamba haihesabiwi. Akina dada mnaosoma hapa mnawajua hao mapedeshee, anamwita mhudumu pembeni, anamnong'oneza "ya yule mrembo ongeza kidogo", anarudi kukaa na tabasamu. Hiyo tunaiita ofa. Kwenye lugha nyingine ingekuwa na jina lingine.

Tatizo hili halikuanzia kwenye karatasi ngumu za majina ya mahaba. Kokteli ya kwanza ya uswahilini, kwa kumbukumbu zangu, ilikuwa chupa ya soda. Mnakumbuka enzi za viroba? Vile vifuko vya plastiki vya mililita 50 na 100, vilivyoning'inizwa kwenye kila duka la Mangi kama sabuni za unga. Mtu ananunua Stoney ya tangawizi, anapiga mafunda mawili kupunguza nafasi, anang'ata kona ya kiroba, anamiminia humo humo. Kondakta wa daladala anakunywa soda. Mwanafunzi wa sekondari anakunywa soda. Fundi yuko juu ya paa anakunywa soda. Bosi akipita hakuna ushahidi. Serikali ilipovipiga marufuku, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza mwezi Februari 2017 na katazo likaanza tarehe 1 Machi mwaka huo huo, kilio kikubwa kilikuwa kuhusu watoto na madereva, na kilikuwa kilio cha haki.

Lakini kuna kitu kimoja cha ajabu kuhusu kiroba ambacho sijasikia mtu akikisema. Kiroba kilikuwa kipimo. Ukichana kimoja cha mililita 100 ukatia kwenye soda, ulijua umetia mililita 100, na ukihesabu vifuko vitupu chini ya meza ulijua uko wapi. Vilipoondoka (na viondoke, sivililii) tukabaki na chupa na mkono wa mtu. Chupa ndogo ya Konyagi, ile ya mililita 250, ina kilevi cha karibu Kilimanjaro nne. Watu wawili wanaagiza moja na Krest zao wanasema "tumekunywa kidogo tu".

Na kama kuna mahali ambapo tulipaswa kuijua Konyagi vizuri ni huku kwetu, maana kiwanda chenyewe kiko Chang'ombe, Temeke. Nimekulia Temeke. Nimepanda daladala zinazopita karibu na kiwanda hicho nikiwa na mkoba wa shule. Wazee wetu waliposema "konyagi" zamani walimaanisha brandi ya Wazungu, nendeni kwenye kamusi za zamani mtaona. Hii yetu wala si brandi, ni pombe nyeupe inayotokana na masalia ya miwa baada ya sukari kutolewa. Jina limekaa, kitu kimebadilika, na sisi hatuulizi.

Basi bwana, ngoja niwaeleze kwa nini jambo hili linanikera kuliko inavyotakiwa.

Miaka michache iliyopita tulikuwa na kicheni pati ya binti wa mama yangu mdogo, ukumbi mmoja mdogo huko Mtoni. Nilikuwa kwenye kamati ya vinywaji, mimi na mabinti wengine wawili. Bajeti ilikuwa ndogo, wageni wengi, tukaamua tutengeneze panchi. Kwa msiojua panchi ya kicheni pati: unachukua ndoo safi ya lita 20 yenye koki, unatia juisi ya pasheni, nanasi lililokatwa vipande vidogo, tikiti maji, soda nyeupe chupa kadhaa, barafu, halafu unatia "kitu". Sisi tulitia Konyagi chupa kubwa tatu. Nilizinunua mimi mwenyewe, nikazibeba kwenye kikapu chini ya kanga. Tulizimimina chooni... namaanisha kwenye kile chumba cha kubadilishia nguo karibu na choo, ili wakubwa wasione. Tukacheka sana. Tukaonja, tukaona haisikiki kabisa, tukapigana tano.

Haisikiki kabisa. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake.

Mama yangu mkubwa, dada yake mama, aliolewa Tandika na akasilimu kabla mimi sijazaliwa. Swala tano hazimpiti. Hajawahi kuonja kilevi tangu ujana wake na kila mtu kwenye ukoo anajua. Siku ile joto lilikuwa la kuua, ukumbi una feni mbili, moja haizunguki. Alikuwa amecheza, maana kwenye kucheza hana mpinzani, akaja kwenye meza yetu anajipepea. "Mwanangu, nipe hiyo juisi."

Nilikuwa nimesimama pale. Koki ilikuwa mbele yangu. Kulikuwa na maji ya chupa kwenye kreti nyuma yangu na soda pia. Nikajiambia kwamba nikisema hapana atauliza kwa nini, na nikisema kwa nini, mama yangu atajua, kamati itajua, shughuli itaharibika, na zaidi ya yote nitaonekana mshamba mbele ya wenzangu wawili ambao tayari walikuwa wameanza kubana vicheko. Nikamjazia. Akanywa kwa mkupuo, akashukuru, akasema tamu hasa, mmeweka pasheni ya wapi? Akarudi mara ya pili. Mara ya tatu akajazia mwenyewe.

Baadaye nilipiga hesabu kama hii niliyowaonyesha hapo juu. Ndoo ile ilikuwa na kama lita 15. Chupa kubwa tatu za mililita 750 ni zaidi ya lita mbili za Konyagi. Maana yake ndoo nzima ilikuwa kali kama bia, tena kuizidi Kilimanjaro kidogo. Glasi zake tatu ni kama bia mbili kasoro. Kwa mnywaji si kitu. Kwa mama wa makamo hiyo, ambaye hajawahi, ambaye asubuhi amemeza dawa zake za presha na tangu hapo hajala zaidi ya sambusa mbili...

Alianza kwa kusema miguu mizito. Kisha akasema ukumbi unazunguka. Watu wakapiga kelele presha, presha, leteni maji, mfungueni kitambaa. Tukamkimbiza zahanati ya jirani kwenye bajaji, mimi nimemshika kichwa, mama yangu analia. Nesi akampima, akamtazama usoni, akatuuliza: "Amekula nini leo? Amekunywa nini?"

Mama akajibu, juisi tu.

Nesi akarudia. "Juisi tu?"

Na mama mkubwa yuko pale kitandani, macho wazi, ananitazama. Ikabidi niseme. Nilisema kwa sauti ndogo lakini chumba kilikuwa kidogo zaidi. Sitasahau uso wake. Hakukasirika. Aligeukia ukutani tu akavuta mtandio wake akajifunika.

Alipona siku ile ile, jioni alikuwa nyumbani kwake. Watu walimfariji, wakamwambia asiyejua hana dhambi, na hata shehe wa mtaani kwao nasikia alimwambia hivyo hivyo. Nilipokwenda kumwomba radhi alinikaribisha, akanipa chai, akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mngeniambia tu. Ningekunywa maji." Hakuna lingine. Lakini tangu siku hiyo akija kwenye shughuli yoyote ya ukoo anakuja na chupa yake ya maji kwenye mkoba, hata msibani, na chakula anasubiri aone kimepakuliwa kutoka sufuria gani. Ametusamehe, ila hatuamini. Na mimi kila nikimwona anafungua ile chupa natafuta pa kuangalia.

Kwa hiyo mtu akiniambia "ni panchi tu" au "ni kinywaji cha kina dada tu", hilo neno "tu" ndilo linalonipandisha.

Kuna rafiki yangu mmoja, mtu wa dini sana, nilipomsimulia alisema dawa ni kuacha kabisa hivi vitamu vitamu, watu wanaotaka pombe wanywe pombe inayojulikana kuwa pombe, chungu, yenye harufu, mtu akiikaribia ajue. Nilimwelewa. Hoja yake ina uzito kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu uchungu wa pombe ni kama kengele ya baiskeli, unakuambia kitu kinakuja. Sukari inafunga kengele. Baridi inaifunga zaidi. Lakini siwezi kumfuata mpaka mwisho. Uchungu wa gongo haujamzuia mtu kunywa gongo. Na wale zaidi ya mia waliokufa Nairobi mwezi Novemba mwaka 2000 kwa pombe yenye methanoli hawakudanganywa na sukari. (Kwa hilo hakuna ulimi utakaokusaidia, kagua stempu ya kodi na nunua pale unapopaamini.) Kinachomlinda mnywaji ni kujua kilichomo na kujua ni kiasi gani, basi.

Na vitamu vinaweza kutengenezwa kwa heshima. Tena mfano mzuri kuliko yote uko hapa hapa jirani. Mgahawa wa Carnivore kule Nairobi ulifunguliwa mwaka 1980, na kinywaji chake maarufu kuliko vyote kinaitwa Dawa: vodka, ndimu iliyokatwa, sukari, asali na barafu, unapewa na kijiti chenye asali cha kupondea ndimu mwenyewe. Asili yake ni kinywaji cha Wabrazil, kaipirinya, ila Wakenya wakakipa asali na jina, na sasa kimeenea pwani yote mpaka hoteli za Zanzibar. Utamu wa Dawa hauna siri. Unaiona ndimu, unaiona asali, unaponda mwenyewe, na kama mtu hanywi kilevi anaweza kupewa hiyo hiyo bila vodka na hakuna anayejua tofauti isipokuwa yeye na kaunta.

Nyumbani naitengeneza kwa Konyagi. Toti moja na nusu, siyo zaidi, ndimu moja ndogo nzima, kijiko kimoja cha asali ya Tabora iliyolegezwa na maji ya vuguvugu kidogo (ukiitia ngumu kwenye barafu inaganda chini kama gundi, nimeshajaribu), barafu iliyopondwa. Hapo kilevi chake ni chini ya bia moja. Unakaa nayo nusu saa.

Ya pili ni ya uvivu wangu wa mwisho wa mwezi. Mnajua zile pombe za krimu zinazouzwa ghali, kama Amarula ya Afrika Kusini yenye picha ya tembo? Ile inatokana na tunda la mng'ongo. Ndiyo, mng'ongo huu huu ulioko Dodoma ambao mbuzi wanagombania matunda yake chini. Sisi tunawaachia mbuzi, halafu tunanunua ya wenzetu kwenye chupa. Na Malibu, ile yenye ladha ya nazi, tunaiagiza kutoka ng'ambo ya bahari sisi wenye minazi kuanzia Tanga mpaka Mtwara. Inanishinda kuelewa. Basi mimi napika sharubati nzito ya sukari na maji, nakoroga humo vijiko vinne vya Africafé, kahawa yetu ya Bukoba, naipoza mpaka ibaridi kabisa (ukitia pombe kwenye moto sehemu yake inaruka na mvuke), kisha napima kikombe kimoja cha sharubati kwa kikombe kimoja cha Konyagi. Nusu kwa nusu ya asilimia 35 ni asilimia 17 na nusu. Amarula ni 17. Umeona? Ukitia toti mbili za hiyo kwenye glasi ya maziwa baridi una kitu ambacho kule Masaki wangekulipisha hela ambayo Tandika unanunua chupa ndogo nzima ya Konyagi na nauli inabaki. Chupa naiandikia kwa kalamu ya wino mzito, POMBE, herufi kubwa, kwa sababu kwenye friji yangu wapwa zangu wanaingia bila hodi.

Ukwaju na tangawizi nao unakwenda vizuri sana, ila huo kila mtu ana mkono wake, sitaingilia.

Ninachotaka baani ni kidogo mno. Toti itoke kwenye vijiti vya meno irudi kazini. Ile karatasi ngumu iseme ndani kuna nini na toti ngapi, haihitaji wino mwingi. Dada akiuliza "umeweka nini" ajibiwe, asiambiwe onja. Na wale wa kunong'ona pembeni, kijana wa kaunta awe na ujasiri wa kusema kwa sauti, "Bosi amesema ya dada niongeze, dada niongeze?" Nataka sana kuwapo siku hiyo.

Yule kijana wa Mwananyamala nilimwacha na toti yake imeoshwa. Aliniambia tatizo jingine ambalo sikulifikiria: wateja wakiona anapima wanasema mchoyo. Wanawake pia, siyo wanaume peke yao. Wanapiga kelele, mwaga bwana, unatupimia kama dawa ya mtoto? Mkono mrefu ndio unaomletea bakshishi. Kwa hiyo siwezi kumtupia yeye lawama zote, anauza kile tunachokishangilia.

Mwezi ujao kuna kicheni pati nyingine kwenye ukoo, mara hii Mbagala. Nimewekwa tena kwenye vinywaji, sijui ni kwa msamaha au kwa kukosa mtu. Nimeshasema zitakuwa ndoo mbili, kwenye meza mbili tofauti, na ile yenye Konyagi itafungwa utepe mwekundu na kuandikwa, na atakayemimina humo ni mimi peke yangu, mbele za watu, kwa toti. Mmoja wa wale mabinti wawili wa siku ile ameniambia nitaharibu raha. Inawezekana.

Nimempigia simu mama mkubwa kumwalika mwenyewe. Nimemweleza habari ya ndoo mbili na utepe. Akanyamaza kidogo, akauliza utepe ni rangi gani, nikamwambia mwekundu. Akasema atakuja, akitujalia Mungu, na nisihangaike na maji yake, atabeba.